Mtoano, Muungano au Ligi? Hesabu ya Mechi Katika Mashindano ya Roboti ya Wanafunzi

Chukua timu 32, uwanja mmoja, na mtoano wa moja kwa moja kama ule wa kombe la soka. Bingwa atapatikana baada ya mechi 31, na waandaaji watafunga ukumbi mapema. Sasa hesabu upya ukiwa upande wa wanafunzi. Timu 16 zinaaga baada ya mechi moja, nyingine nane baada ya mechi mbili. Mechi ikiwa ya dakika mbili na nusu, robo tatu ya washiriki wamejenga kwa miezi kadhaa ili wacheze dakika tano au pungufu.

Mtoano hupendwa kwa sababu kila mtu anauelewa bila kuelezwa. Kasoro yake kubwa ni kwamba unachukulia mechi ya kwanza kuwa kipimo cha uwezo wa timu, na kwa roboti sivyo ilivyo. Mechi ya kwanza ni kama ukaguzi wa mwisho wa mashine. Hapo ndipo inapogundulika kwamba plagi ya mota ililegea njiani, kwamba programu iliyopakiwa ni ya upande mwekundu wakati timu imepangwa buluu, kwamba kihisi cha rangi kilichopimwa chini ya taa za darasani kinasoma nyeupe kuwa kijivu chini ya taa za ukumbi, au kwamba betri ilichajiwa vizuri kisha swichi ikaachwa imewashwa usiku kucha. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji zaidi ya dakika ishirini kulirekebisha. Mtoano hautoi dakika ishirini hizo. Unaipeleka nyumbani roboti nzuri yenye waya uliolegea na kuiacha ya wastani iliyofungwa vizuri, na hilo halisaidii yeyote kujua nani amejenga nini.

Ndiyo maana swali la kwanza la mwandaaji lisiwe jinsi ya kumpata bingwa. Bingwa atapatikana kwa mfumo wowote. Swali ni kila roboti itaingia uwanjani mara ngapi, na itapata muda gani wa kutengenezwa kati ya mechi moja na nyingine. Mifumo yote inayotumika duniani inaweza kupimwa kwa vitu hivyo viwili, na ikipimwa hivyo, baadhi ya ile yenye sifa kubwa inashuka daraja.

Mtoano wa nafasi mbili, ambapo timu hutoka baada ya kupoteza mara mbili, unaonekana kuwa na huruma zaidi. Kwa timu 32 unahitaji mechi 62 au 63. Ukitenga dakika saba kwa kila mechi, pamoja na kupanga upya vifaa vya uwanjani, ni zaidi ya saa saba. Yaani umelipa muda maradufu ili kila timu iongezewe uhakika wa mechi moja tu. Tena timu zinazopita upande wa waliopoteza hucheza mfululizo, betri zikiwa bado kwenye chaja na mota zikiwa bado za moto. Mfumo huu una mahali pake, nao ni hatua ya mwisho yenye washiriki wachache. FIRST Robotics Competition, mashindano ya kimataifa ya roboti za wanafunzi wa sekondari maarufu kama FRC, iliuchukua mwaka 2023 kwa miungano yake minane ya mwisho, yaani makundi ya timu zinazocheza upande mmoja. Kabla ya hapo kila raundi ilikuwa ya kushinda mechi mbili kati ya tatu, jumla ya mechi 14 hadi 21. Sasa zinachezwa mechi 13, kisha fainali ya kushinda mara mbili kati ya tatu. Ratiba inatabirika zaidi, na muungano dhaifu ambao zamani ungefungwa mara mbili na mpinzani yuleyule sasa unapambana na wapinzani wawili tofauti kabla ya kuaga.

Makundi ya timu nne nne yanafaa kidogo zaidi: timu 32 ni makundi manane, mechi 48, tatu kwa kila timu. Lakini droo ikikosea unapata kundi la kifo upande mmoja na kundi la mteremko upande wa pili, na mechi ya tatu mara nyingi haina maana kwa timu iliyokwisha kufuzu au kutolewa. Mfumo wa Uswisi, ulioazimwa kutoka sataranji, unatibu tatizo la droo kwa kukutanisha timu zenye pointi sawa. Kwa roboti unakwama kwenye jambo la kawaida kabisa: ratiba ya raundi inayofuata haiwezi kupangwa mpaka mechi zote za raundi iliyotangulia ziishe, kwa hiyo hakuna anayejua atacheza saa ngapi, na timu iliyofunga raundi huweza kuitwa kufungua inayofuata.

Kwa hiyo mashindano makubwa yakaelekea kwenye miungano ya muda. Katika FRC zinacheza timu tatu dhidi ya tatu. Katika FIRST Tech Challenge na VEX V5, mashindano mengine ya wanafunzi, ni mbili dhidi ya mbili. Washirika wa mechi hii ni wapinzani wa mechi ijayo, na ratiba nzima ya mchujo, yaani mechi za kupanga msimamo kabla ya hatua ya mwisho, hutoka asubuhi. Faida yake iko kwenye hesabu: idadi ya mechi ni timu mara mechi za kila timu, gawanya kwa roboti zilizo uwanjani. Timu 24 zikicheza mechi sita kila moja, mbili kwa mbili, ni mechi 36. Kwa dakika saba kila mechi, saa nne na dakika 12. Timu 36 zikicheza mechi kumi, tatu kwa tatu, ni mechi 60, saa saba kamili. Hakuna mfumo mwingine wa mapambano unaozipa roboti nyingi hivyo nafasi nyingi hivyo kwa uwanja mmoja.

Mgawanyo usipokuwa kamili, kuna nafasi za kujaza. Timu 25 zikicheza mechi sita zinahitaji nafasi 150, ambazo ni mechi 37 na nusu. Lazima ziwe 38, na timu mbili zitacheza mechi ya saba isiyohesabiwa kwao. Ni jambo dogo linaloleta ugomvi mkubwa pale ambapo halikuandikwa kwenye ratiba tangu asubuhi, maana timu iliyoshinda mechi ya kujazia itataka pointi zake na iliyoshindwa itasema haikuhusika.

Gharama ya muungano ni bahati. Katika mechi ya mbili dhidi ya mbili, roboti yako ni moja kati ya nne zinazoamua matokeo. Ukiwa na timu 24 na mechi tano, utakutana na washirika watano na wapinzani kumi kwa wingi; timu nane hutaziona kabisa. Msimamo wa namna hiyo unasema mengi kuhusu ratiba na machache kuhusu roboti. Dawa ni mechi nyingi, lakini dawa yenyewe inafanya kazi polepole: bahati katika wastani hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi, hivyo ili kuipunguza kwa nusu unahitaji mechi mara nne. Kutoka tano hadi kumi kunaipunguza kwa takriban asilimia 30. Mechi tano kwa miungano ya mbili mbili, kwa maoni yangu, ni chini ya kiwango cha kuamulia nani asonge mbele. Nane ndipo msimamo unaanza kuaminika, na hata hapo nafasi ya saba na ya kumi na moja zinaweza kubadilishana bila mtu kushangaa.

Halafu kuna kanuni ya kupanga msimamo, ambayo waandaaji wapya huinakili bila kuisoma. Kanuni hiyo ndiyo inayoamua timu zitacheza vipi, kuliko hata mchezo wenyewe. Mwaka 2010 FRC ilitaka kuzuia timu kali zisiwafedheheshe wanyonge, ikampa mshindi pointi za msimamo zilizotokana pia na mabao ya aliyeshindwa, na aliyeshindwa akapata pointi kulingana na mabao ya mshindi. Nia ilikuwa njema. Wanafunzi wanaojua hesabu waligundua upesi kwamba timu zote sita zikikubaliana kufunga upande mmoja, wote wananufaika, na mechi za sita dhidi ya hakuna zikachezwa. Mwaka 2015 ushindi na kushindwa viliondolewa kabisa kwenye msimamo. Timu zilipangwa kwa wastani wa alama, na hata robo na nusu fainali ziliamuliwa kwa wastani. Matokeo yake watazamaji walitazama mechi bila kujua nani ameshinda, kwa kuwa kilichohesabika kilikuwa jedwali. Mwaka uliofuata ushindi ulirudi, safari hii ukiambatana na pointi za ziada kwa kazi maalumu ndani ya mechi, na mtindo huo umedumu.

VEX V5 imechagua njia ya kati ninayoiona kuwa ya busara. Ushindi unatoa pointi kuu, kukamilisha kazi fulani katika hatua ya kujiendesha, yaani roboti inapofuata programu bila dereva, kunatoa pointi nyingine bila kujali nani ameshinda mechi, na alama za muungano ulioshindwa hutumika kutenganisha timu zilizofungana. Mshindi hana sababu ya kumkandamiza mpinzani baada ya matokeo kuwa wazi, lakini pia hana sababu ya kumwachia mechi, kwa sababu ushindi unabaki kuwa na uzito mkubwa kuliko yote. Mwandaaji anayetunga kanuni yake ajiulize swali moja kabla ya kuichapa: je, kuna hali ambayo timu itafaidika kwa kupoteza? Kama ipo, wanafunzi wataipata kabla ya mapumziko ya mchana.

Baada ya mchujo huja uchaguzi wa washirika, na hapa mfumo wa miungano unalipa deni lake. Manahodha wanane, wa timu zilizoongoza msimamo, wanachagua kwa mpangilio wa nyoka, wa kwanza hadi wa nane, kisha wa nane hadi wa kwanza, ili nahodha wa chini apate chaguo mbili mfululizo. Timu ambayo ratiba iliionea inaweza bado kuchaguliwa, mradi kuna aliyeiangalia ikicheza na kuandika. Kwa hiyo kurekodi utendaji wa timu nyingine kunakuwa kazi halisi: nani anafunga ngapi kwa mechi, nani husimama ghafla katikati, nani anaanza kwenye kona gani. Kinachosahauliwa ni wale wasiochaguliwa. Timu 36 zikitoa miungano minane ya timu tatu, 12 zinabaki jukwaani. Timu 24 zikitoa miungano minane ya mbili mbili, zinabaki nane. Hao ndio wanaoanza kufunga masanduku saa nane mchana, na ukumbi unakuwa nusu tupu fainali ikichezwa.

Njia ya kuwabakiza ni majaribio ya timu moja moja uwanja wa pembeni. VEX huyaendesha sambamba na mechi: sekunde 60 za kuendesha kwa mkono na, kwa zamu nyingine, sekunde 60 za roboti kujiendesha yenyewe, alama zote zikiwa za timu peke yake. Yanapima kile ambacho muungano unakificha. Yakiachwa bila utaratibu, hata hivyo, timu zote huja dakika 40 za mwisho na foleni inafika mlangoni. Gawa nafasi: kila timu ifanye angalau jaribio moja kabla ya chakula cha mchana, na atakayekosa dirisha lake asipewe lingine hadi wote wapate.

Kwa wanafunzi wadogo, majaribio ya timu moja moja yanaweza kubeba mashindano yote, na hivyo ndivyo FIRST LEGO League Challenge inavyofanya: raundi tatu za dakika mbili na nusu, na alama ya juu kabisa ndiyo inayohesabiwa. Timu 24 ni raundi 72. Ukiwa na jozi mbili za meza za kuchezea, kila meza timu moja, jozi moja ikicheza huku nyingine ikipangwa upya, unaweza kuanzisha mechi mpya kila dakika tano, na raundi zote zinakwisha kwa saa tatu. Ugumu uko kwa majaji, ambao kila timu hukaa nao kueleza kazi yake. Timu hizohizo 24 zikikaa na majaji dakika 30, pamoja na dakika kumi za majaji kuandika, kwa vyumba vinne ni zamu sita, saa nne. Ratiba mbili zinabanana, na kosa la kawaida ni kumwita mtoto mezani dakika tano baada ya kutoka kwa majaji. Acha angalau dakika 20, kwa sababu roboti lazima itoke chumba kimoja, ipite kwenye meza ya mazoezi, na programu ifunguliwe tena.

Kanuni ya alama bora zaidi ina ubishi wake. Timu moja ikipata 120, 310 na 115, na nyingine 240, 235 na 245, ya kwanza inashinda. Je, ndiyo bora? Kamari haina gharama pale ambapo kuanguka mara mbili hakuhesabiwi. Wastani wa raundi zote tatu nao unaadhibu kupita kiasi, kwa sababu kihisi kikikosea mara moja siku imeharibika. Wastani wa raundi mbili bora unatoa 215 kwa timu ya kwanza na 242.5 kwa ya pili. Unasamehe ajali moja na hausamehi mbili, na kama uhandisi una maana ya kurudia matokeo, mpangilio huo ndio sahihi. Inasemekana huwachanganya watazamaji. Kitu cha kuwafafanulia kwa ubao mmoja wenye nguzo tatu si sababu ya kutosha kuuacha.

VEX IQ ina njia nyingine ya umri huo: timu mbili zinaingia pamoja kwa sekunde 60, hakuna mpinzani, na zote mbili zinapata alama ileile. Hakuna anayelia kwa kufungwa, lakini timu nzuri ikipewa washirika waliokwama mara tatu, wastani wake unazama bila kosa lake. Mfumo huo ukichaguliwa, alama ya chini kabisa au mbili ziondolewe.

Kinachoamua zaidi kuliko haya yote ni kama timu inacheza siku moja au siku kadhaa. Tuseme una timu 36. Chaguo la kwanza ni tukio moja: mechi sita kila timu, mbili kwa mbili, ni mechi 54, saa sita na dakika 18, achilia mbali fainali. Chaguo la pili ni ligi: zigawe timu katika kanda tatu za timu 12. Mkutano mmoja wa kanda wenye mechi sita kwa kila timu ni mechi 18, saa mbili na dakika sita, unamalizika kabla ya mchana. Ukifanya mikutano mitatu kwa kupishana wiki tatu, kila timu imecheza mara 18. Jimbo la Michigan nchini Marekani lilianzisha mfumo wa aina hii kwa FRC mwaka 2009: timu inacheza matukio mawili ya mkoa, inakusanya pointi za mchujo, za kuchaguliwa, za fainali na za tuzo, na wenye pointi nyingi wanakwenda fainali ya mkoa.

Tofauti haiko kwenye idadi peke yake. Katika tukio la siku moja, roboti yenye mkono dhaifu inabaki na mkono dhaifu. Unaweza kuukaza kwa vifungo vya plastiki, huwezi kuuchora upya. Wiki tatu zinatosha kubadilisha uwiano wa gia, kukata kipande kipya na kuandika tena hatua ya kujiendesha. Wanafunzi wanajifunza kujenga pale wanapojenga mara ya pili, wakiwa tayari wameona kilichovunjika.

Ligi ina bei yake, na wanaoipigia debe huwa hawaisemi. Mikutano tisa ya nusu siku inahitaji marefa, mwandika alama, fundi wa uwanja, wapanga vifaa na waita foleni. Watu kumi hivi kila mara, hata mkutano ukiwa mdogo. Uwanja lazima uwepo katika kila kanda au usafirishwe. Kanda yenye timu dhaifu itatoa bingwa mwenye msimamo mzuri asiyestahimili fainali, kwa hiyo nafasi za kusonga mbele zigawiwe kwa pointi za jumla na si kwa bingwa wa kila kanda tu. Na waamuzi tofauti watatafsiri kanuni tofauti, kwa hiyo refa mkuu mmoja azunguke kanda zote, au maamuzi ya kila mkutano yaandikwe na kutumwa kwa wengine kabla ya mkutano unaofuata.

Mashindano ya mbali kwa video, ambayo FIRST na VEX ziliyatumia wakati wa janga la korona, yanafaa kama mazoezi. Kama timu inaweza kurekodi mara 50 na kutuma moja, unapima subira yake na ubora wa sakafu yake. Ukiyatumia, mwamuzi atazame moja kwa moja na saa ya kuanza ipangwe naye.

Panapokuwa na siku moja tu na ukumbi mmoja tu, bado kuna mechi za kuokoa. Ukaguzi wa roboti 36 kwa dakika 15 kila moja, wakaguzi wakiwa wanne, ni saa mbili na robo. Ufanyike jioni iliyotangulia, au angalau vipimo na uzito. Timu ziitwe foleni mechi mbili kabla ya zamu yao. Hakuna timu irudi uwanjani kabla ya mechi tatu kupita, na ratiba ya kompyuta ikaguliwe kwa sharti hilo kabla ya kuchapwa. Mwenye vifaa vya viwanja viwili apange kimoja wakati kingine kinachezwa, na dakika saba zitashuka hadi nne na nusu. Mechi 54 zitachukua saa nne na dakika tatu badala ya sita na dakika 18. Na ufunguzi upangwe kwa saa ya mkononi. Kwa timu 36 zinazocheza mbili kwa mbili, raundi moja nzima ni mechi tisa, dakika 63 kwa uwanja mmoja. Hotuba za saa moja zimeinyima kila timu mechi moja kati ya saba ambazo ingeweza kucheza.